Sifuri na Ishirini

Acha kifuniko hicho, shemeji Bohdan.
Nimeiona galoni yako ya oili nzito
umeikumbatia tangu getini kama mtoto wa ubatizo.
Umesema kilomita laki tano kasoro kidogo
si umri wa kunyweshwa maji.
Umesema chuma kikizeeka hupwaya,
na kinachopwaya hujazwa kwa kizito.
Nimekusikia. Kaa. Chai ipo.

Miaka kumi na saba nasambaza barua
kutoka Dauphin hadi Sifton, hadi Ethelbert,
masanduku mia mbili na kumi na moja
kando ya barabara ya changarawe:
simama, nyoosha mkono, ondoka,
simama, nyoosha mkono, ondoka.
Hakuna injini inayoupenda mwendo huo.
Goti langu la kulia haliupendi pia.

Wakumbuka Januari ile umeme ulipokatika?
Nyuzi arobaini chini ya sifuri,
waya wa kupashia injini ukining'inia puani mwa gari
kama mpira wa mgonjwa aliyelazwa nje.
Trekta lako, lenye oili yako, liliguna mara mbili
likanyamaza hadi adhuhuri.
Hili kuukuu langu lilikohoa,
likafikiri,
likawaka.
Sijafunga mkanda, oili ilishapanda juu kwenye vali,
nyembamba, nyepesi wa miguu,
imefika kabla chuma hakijauma chuma.
Nzito nayo ingefika, sikatai.
Ila mgeni wa kuchelewa hukuta nyumba imeungua.

Wala sisemi halinywi. Linakunywa.
Nusu lita kila zinapotoka hundi za wazee,
basi nanunua ya kwangu siku hiyohiyo ninayowapelekea wao zao.
Jumapili kabla ya kanisa nachomoa kijiti,
nakifuta kwa soksi ya Metro,
nachomeka, nachomoa, nasoma.
Soksi za marehemu zilikuwa ishirini na mbili.
Zimebaki tisa.
Yeye ndiye aliyesoma kitabu cha gari jalada hadi jalada,
akaniambia: oili nyepesi haiui injini, Orysia,
huuawa na mwenyewe asiyetazama.
Mapafu yake mwenyewe hakuyatazama.

Machi nilijaza kichupa, nikakituma maabara.
Wiki hiyohiyo muuguzi akanitoa damu.
Yangu ilikuwa nzito, Bohdan,
iliketi mguuni ikataka kuhamia kifuani;
sasa nameza tembe za kuilainisha
na nikijikata kisu cha viazi
natiririka kama bomba.

Bahasha mbili zilikuja siku moja.
Nikajipelekea mwenyewe:
nikasimama, nikanyoosha mkono, sikuondoka.
Nilizisomea palepale, kioo kimeshushwa, injini ikinguruma.
Ya kwanza: chuma kumi na nne, shaba tatu, risasi moja,
petroli kidogo imejipenyeza, badilisha mapema kuliko ulivyozoea.
Ya pili: punguza chumvi, rudi baada ya wiki sita.
Mkono uliotia saini hii na ile
ulikuwa na haraka ileile.

Labda una haki.
Labda msimu ujao mnyororo wa vali utalegea,
nami nitakuta moshi wa buluu nyuma yangu
karibu na kisima cha kina Prokopchuk,
utakuja na kamba ya kuvutia, hutasema neno,
nami nitajua unalisema.
Lakini walinipa namba mbili juu ya kifuniko
tangu siku gari lilipokuwa linanukia plastiki,
na namba hizo hazikuandikwa "mpaka uzeeni".

Ipeleke galoni yako kwa trekta, Julai, jua likiwa kali.
Au iache hapo bandani, tusikosane bure.
Sasa nipe hiyo soksi.
Hapana, ile ya kijivu.